Kurasa Tano za Mwisho

"Kama si wewe, ni nani basi? Ukuta ndio uliomwambia?"

Hilo lilikuwa swali la nne au la tano, maana ugomvi ulishapamba moto kabla Chiriku hajakanyaga kibaraza na mkoba wake wa shule. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinua karatasi kubwa yenye tundu katikati, tundu lenye umbo la kola ya shati. Kupitia tundu hilo Chiriku alimwona karani wa ofisi ya maji ameketi kitini, nusu ya kichwa imesukwa ikatulia, nusu ya pili nywele zimesimama kila moja na njia yake, na uso umejaa furaha ya mtu aliyefika mahali kwa wakati mzuri.

Mama yake Chiriku, ambaye ndiye msusi na ndiye mwenye saluni, alikuwa na kitana mdomoni. Alikitoa taratibu. Alisema tangu aambiwe jambo lile hajalitamka hata mbele ya kioo, na kama Fundi ana neno la kusema basi aingie akae, asimsimamie mlangoni kama mtu aliyekuja kukata umeme.

"Nilikwambia wewe peke yako," Fundi alisema. "Dada yangu wa tumbo moja sijamwambia. Sasa sikiliza." Aliisogeza karatasi mbali na uso, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena. "'Fundi anaipeleka sindano dirishani. Uzi unapita pembeni. Anajaribu tena. Unapita pembeni. Anatazama mlangoni kama kuna anayemwona. Anapangusa macho.' Haya. Mtoto wa miaka kumi na sita kayaokota wapi haya?"

Karani aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kwani ni jambo gani hilo hasa. Wote wawili walimwambia anyamaze, tena kwa pamoja, na siku ile hawakukubaliana kitu kingine.

Chiriku alikuwa ameshautambua mwandiko. Ulikuwa wake.

Nyumba zile mbili zilikuwa zimebanana kwa miaka kumi na miwili. Mbele zilichangia kibaraza kimoja, na nyuma dirisha la chumba cha Chiriku lilitazamana na dirisha la Fundi kwa umbali wa mtu kumpokeza mwenzake chumvi bila kuvaa viatu. Chini ya dirisha hilo la Fundi ndipo cherehani ilipokaa. Fundi alikuwa mjane wa siku nyingi, mwenye mkasi mkali na ulimi unaoushinda mkasi, na Chiriku alimwita mama mdogo tangu ajue kuita. Kila mwisho wa mwezi msusi alikusanya makaratasi ya nyumbani kwake, magazeti, madaftari yaliyojaa, akampelekea jirani yake, naye aliyatumia kukatia vipimo kabla ya kugusa kitambaa cha mteja. Mwezi ule, katikati ya furushi, zilikuwemo kurasa tano za kwanza za skripti ya Chiriku, yaani maandishi ya filamu aliyoyaandikia darasa lake la Jumamosi. Alikuwa amezinakili upya kwa mwandiko safi, akaziona zile za zamani kuwa takataka. Kurasa tano za mwisho hazikutoka. Zilikuwa bado chini ya godoro.

Basi akaingia kati. Alisema karatasi ni yake, ni filamu, ni mambo ya kubuni, hakuambiwa na mtu, aliona mwenyewe dirishani. Aliyasema haraka na kwa wingi, kama ilivyokuwa desturi yake. Jina la Chiriku hakupewa kwa sababu ya manyoya. Na kadiri alivyozidi kueleza, ndivyo uso wa Fundi ulivyozidi kufunga.

"Umeona kwa sababu kuna aliyekuonyesha pa kutazama," Fundi alimwambia. Kisha akamgeukia mama yake. "Nilidhani una kifua, mwenzangu. Kumbe una dirisha."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaondoka.

Hilo la kifua ndilo lililomchoma msusi. Saluni nyingine zote za mtaa ule zilikuwa redio: ukiingia na siri asubuhi, saa sita inakurudia imevaa viatu. Yeye alisuka vichwa kumi na mitano kwa wiki, akajua nani ana mimba kabla mwenye mimba hajamwambia mumewe, nani anahama, nani anarudiwa, na hakuna hata moja lililowahi kutoka nje ya mlango wake. Hakuwa na kipaji cha mitindo. Wanawake walimjia kwa sababu kwake waliweza kuinamisha kichwa na kusema. Na sasa mbele ya karani, mwenye marafiki katika kila dirisha la ofisi za serikali, ameambiwa hana kifua.

Hakuweza kuendelea. Alimfunga karani kitambaa juu ya ile nusu iliyobaki, akamwomba arudi kesho. Karani alisema hana haraka. Alisema angeweza hata kungoja pale pale, pengine Fundi atarudi.

Jioni ile dirisha la pili lilikuwa na pazia. Chiriku hakuwahi kuliona dirisha lile na pazia. Cherehani ilikuwa imehamishiwa upande wa pili wa nyumba, na mngurumo wake, ambao alilala nao mchana tangu utotoni kama wengine wanavyolala na feni, haukusikika kabisa. Mama yake alikuwa anaosha vitana ambavyo vilishaoshwa.

Chiriku alimuuliza ni jambo gani aliloambiwa na mama mdogo.

"Nikikujibu," mama yake alisema, "nitakuwa nimefanya kile kile ninachosingiziwa."

Alijaribu njia nyingine. Alimwambia mama yake amweleze angalau Fundi kwamba yeye hajui lolote. Mama yake alisema ameshamweleza. Lakini atamthibitishiaje? Amlete mbele yake amuulize, mwanangu, unajua hili? Akiuliza tu, keshasema. Akakipeleka kitana kwenye mwanga kutafuta uchafu ambao haukuwepo. Miaka kumi na miwili, alisema. Nilimzaa mdogo wako yeye ndiye ameshika mkono wangu, si baba yenu. Halafu akamkataza Chiriku kwenda tena kwenye darasa lile la filamu. Halafu, baada ya muda kidogo, akasema hapana, aende kesho mara moja, amrudishie yule mama mwalimu makaratasi yake na amwambie basi.

Chiriku hakubisha, na kwa Chiriku hilo lilikuwa kama homa. Alichokijua yeye na wengine hawakukijua ni kilichokuwa chini ya godoro. Kama kurasa tano za kwanza zimefunga dirisha, alijisemea, hizi tano za mwisho zitabomoa ukuta. Maana kwenye hizo alikuwa amempa Fundi mpenzi.

Darasa lilikuwa kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha maktaba, kati ya makabati ya magazeti ya zamani na sinki linalodondosha maji. Vijana walikuwa tisa. Mwalimu wao alikuwa mama mfupi aliyestaafu, ambaye kwa miaka thelathini alikaa kwenye vyumba vya giza akikata na kuunga filamu za watu wengine, akiona wanavyojisifu mwanzo na wanavyolia mwisho. Vijana walimwita Bi Kata, kwa sababu hilo ndilo neno aliloandika pembeni mwa kila ukurasa kwa penseli nyekundu. Alilijua jina hilo na alilipenda.

Siku ya kwanza kabisa aliwaambia wasahau mambo ya umaarufu na mazulia mekundu. Kamera, alisema, ni mgeni mjinga: haioni moyo, haisomi mawazo, haijui mtu alizaliwa wapi. Inaona mikono, inaona mlango, inasikia kinachosemwa. Mtu akiandika kwamba mhusika wake ana huzuni, Bi Kata aliuliza, inaonekanaje? Anafanya nini kwa vidole? Yule kijana mrefu aliyetaka kutengeneza filamu za vita aliandika kwamba jemadari alikumbuka maisha yake yote, na Bi Kata akamwambia amletee picha ya mtu anayekumbuka. Kijana alikaa wiki nzima bila kuipata. Aliwafundisha kila onyesho lianze kwa kusema ni ndani au nje, ni wapi, ni mchana au usiku. Kwamba ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo asiyejua kufupisha atafute kazi ya kuandika barua. Kwamba pawepo mtu anayetaka kitu na pawepo kinachomzuia, la sivyo watazamaji watakwenda kununua soda wasirudi.

Na kabla kamera haijawashwa, skripti lazima isomwe kwa sauti na watu wasiohusika na darasa, mahali pasipo darasa, mwandishi akiwa ameketi pale pale na mdomo umefungwa. Haruhusiwi kueleza. Kwa Chiriku hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa asipumue.

Zoezi lililomletea balaa lilikuwa hili: mtazame mtu mmoja kwa mwezi mmoja, andika anachofanya tu. Chiriku alimchagua aliyekuwa dirishani mwake. Na skripti yake, kwa zile kurasa tano za kwanza tu alizokuwa amezionyesha, ndiyo iliyokuwa imechaguliwa kupigwa picha kwanza.

Jumamosi hiyo aliziweka kurasa kumi mezani, akasema anajitoa. Wenzake waliguna. Bi Kata aliwapa kazi ya kuandika mtu anayesubiri bila kuandika kwamba anasubiri, akamvuta Chiriku pembeni kwenye sinki, akamsikiliza mpaka mwisho, jambo linalotaka subira. Kisha akazisoma kurasa zote kumi akiwa amesimama. Zile tano za kwanza alizisoma polepole, na penseli haikushuka. Alipofika ya sita nyusi zilipanda, na ya nane akaziba mdomo kwa mkono.

"Hizi za mwisho," alisema, "nani kakwambia?"

Chiriku alisema hakuna. Alikuwa amekwama. Alimwona mama mdogo akitoka kila Alhamisi amevaa gauni zuri, akirudi na miwani nyeusi na macho mekundu, akachanganya na akili yake.

"Inaonekana." Bi Kata alizigonga kurasa ukingoni mwa sinki zikalingana. "Sikiliza, binti. Hizi tano za kwanza kaandika mtu aliyeona. Hizi tano za pili kaandika mtu asiyejua kitu, wala hajaambiwa kitu. Jirani yenu kasoma zile zisizomsaidia mama yako. Azisikie hizi."

Chiriku alimwambia afadhali arudishwe darasa la kwanza. Amsomee mjane mzima, mbele ya watu, kwamba ana bwana? Mama mdogo angewashtaki, angehama, angewamwagia maji ya moto. Bi Kata alisema hayo yote yanawezekana, akauliza nyumba iko wapi.

Walifika baada ya saa saba mchana. Msusi alikuwa amemketisha karani, ambaye alirudi mapema kuliko alivyoambiwa na hakuonyesha dalili ya kukereka kwa kutembea mjini na nusu kichwa. Bi Kata alisalimia, akaingia moja kwa moja mlango wa Fundi, ameshika pindo la sketi aliyovaa. Pindo lilikuwa limefumuka. Chiriku angeweza kuapa kwamba asubuhi pindo lile lilikuwa zima, lakini siku ile alikuwa na mambo mengine ya kufikiria.

Alichomwambia Fundi huko ndani kilijulikana baadaye. Hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba ana kurasa zinazomhusu mshonaji, kwamba yeye mwenyewe hajui kushona hata kifungo, na kabla hazijapigwa picha anataka mtu wa kazi amwambie kama kazi imeandikwa sawasawa. Fundi alisema ameshaona kurasa hizo na ni upuuzi. Hakuna fundi duniani anayeshika sindano vile. Bi Kata akasema hilo hasa ndilo analolitafuta. Fundi akavaa viatu.

Hakuingia saluni. Aliketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo wa mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje, mikono imekunjwa. Msusi hakuinua macho kutoka kichwani mwa karani, lakini vidole vyake, vilivyoweza kusuka gizani, vilirudia msuko ule ule mara tatu.

Bi Kata aligawa sehemu. Karani asome maneno ya Fundi. Karani alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Msusi asome ya mwanamume, ambaye hakuelezwa ni nani, na alikubali shingo upande, karatasi ikiwa imebanwa kwenye kioo kwa vibanio vya nywele ili mikono ibaki kazini. Yeye Bi Kata angesoma vitendo. Chiriku aliwekwa kwenye kigoda karibu na ndoo, akaambiwa kwa kidole: mdomo.

"Ndani. Chumba cha Fundi. Mchana," Bi Kata alisoma.

Kurasa tano za kwanza zilipita kama mtu anayetembea juu ya vigae vilivyovunjika. Fundi anaweka sindano mezani, anaipapasa kuitafuta, na iko mbele yake. Fundi anamwita mtoto anayepita njiani, anajifanya mikono yake ina mafuta, anamwomba amtilie uzi. Mteja anauliza gauni liko wapi, Fundi anasema kesho. Karani alisoma ile "kesho" vizuri kuliko Chiriku alivyoiandika. Kizingitini Fundi alisema mara moja tu, kwamba sindano hushikwa karibu na tundu, si katikati, na Bi Kata aliiandika pembeni. Baada ya hapo akamkazia macho msusi, na macho hayo yalisema yote aliyoyasema jana, kwa herufi kubwa zaidi.

Chiriku aliona kitana cha mama yake kimesimama katikati ya nywele. Akajua sasa ndio mwisho.

"Nje. Kituo cha basi. Alhamisi, asubuhi," Bi Kata aliendelea. "Fundi amevaa gauni la bluu. Anatazama kushoto na kulia. Anavaa miwani nyeusi ili asitambulike. Nyuma ya kibanda cha magazeti anatokea Fundi Saa, mwanamume mtanashati."

Fundi Saa alikuwa mzee wa kona ya pili, mwenye meza ya kioo na saa zilizokufa, anayepiga chafya mtaa mzima ukasikia. Kizingitini mguu wa nje uliingia ndani.

"Mpenzi wangu," karani alisoma, na ilibidi ashike mkono wa kiti, "nimekuja. Dunia isijue."

Ilikuwa zamu ya msusi. Aliusogelea ule ukurasa kwenye kioo. Alisoma kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama maji ni ya moto mno:

"Malkia wangu. Tangu Alhamisi iliyopita moyo wangu umesimama saa tatu na robo."

Karani aliuma ukingo wa karatasi yake.

"Nani?" Fundi aliuliza.

Bi Kata alimjibu kwa utulivu kwamba ni Fundi Saa. Akaendelea. Fundi Saa anampa ua. Wanapanda basi wasikae pamoja. Ndani ya basi Fundi analia kwa furaha, ndiyo maana macho yake ni mekundu anaporudi. Anaporudi nyumbani hawezi kutia uzi kwenye sindano, kwa sababu mikono yake inatetemeka kwa mapenzi.

"Rudia hapo," Fundi alisema.

"Kwa sababu mikono yake inatetemeka kwa mapenzi," Bi Kata alirudia.

Chiriku alikuwa ameufunika uso kwa taulo la saluni. Kwa hiyo hakuona, alisikia. Kwanza alisikia kitu kama mtu anayekohoa. Kisha kama anayesongwa. Alipolishusha taulo, Fundi alikuwa ameteleza kutoka kizingitini mpaka sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto, mkono kwenye mbavu, anacheka bila sauti, machozi yanachuruzika mpaka kwenye shingo. Alinyoosha kidole kuelekea kona ya pili, akajaribu kusema, akashindwa. Karani naye akaanguka upande wake na msuko mmoja mkononi mwa msusi, akapiga ukelele wa maumivu, akaendelea kucheka.

"Yule mzee," Fundi alisema mwishowe, "hata kiraka cha suruali ananiletea kupitia kwa mjukuu wake, ananiogopa."

Alijifuta uso. Kicheko kilimwisha polepole, na kilipokwisha alikuwa anamtazama msusi, si kama jana wala kama dakika kumi zilizopita.

"Hukumwambia," alisema.

"Sikumwambia," msusi alijibu.

"Angekuwa anajua, asingeandika huu..." Hakupata jina la kitu hicho. "Hajui chochote. Kaniona tu."

Msusi alikiweka kitana chini. Mabega yake, ambayo tangu jana yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yalishuka, na Chiriku akashangaa kuona mama yake ni mrefu kiasi gani. Hakusema nilikwambia. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa mwaka mzima, lakini hakusema. Alikwenda akaketi sakafuni naye, begani kwa Fundi, na wakakaa hivyo.

Fundi ndiye aliyelitoa mwenyewe. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limezidi. Zile Alhamisi zote alikuwa anakwenda hospitali. Wanamtia dawa ya matone, mwanga unamchoma, ndiyo miwani. Mwezi ujao watampasua jicho la kwanza. Alimwomba msusi asimwambie mtu kwa sababu nani atampelekea gauni la harusi fundi asiyeona tundu la sindano? Alisema hayo akitazama sakafu, na sauti ikawa ndogo kuliko umbo lake.

Wote wakamtazama karani, maana karani alikuwa mteja, na mdomo wake ulijulikana.

"Mama yangu alitolewa yote mawili," karani alisema. "Sasa anakuja kwangu anaona vumbi juu ya kabati. Nimekosa raha." Akapapasa nusu ya kichwa kuona imefika wapi. "Gauni langu la kazini liko kwako. Likae tu, nitalichukua ukipona."

Fundi alivuta pumzi ndefu, akaitoa yote. Kwa miezi miwili, alisema, alikuwa anapumua nusu nusu.

Hapo Bi Kata alitoa penseli nyekundu. Aliuchukua ukurasa wa sita, wa saba, mpaka wa kumi, na juu ya kila mmoja akaandika neno lake. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na darasa lile, Chiriku hakuumia. Alitamani hata kumsaidia. Bi Kata alimwambia, sasa ukiwa na ruhusa ya kufungua mdomo, ufungue kwa kazi: ukikwama, usiokote mpenzi barabarani. Nenda umuulize mwenye habari yake. Akikukatalia, tafuta hadithi nyingine. Akikukubalia, umepata kurasa tano.

Chiriku alipiga moyo konde. Alimwomba mama mdogo radhi kwanza, kwa maneno machache mpaka mama yake akageuka kumtazama kama anaumwa. Kisha akamuuliza kama angekubali.

Fundi alifikiri. Alisema ana masharti. Anayeigiza aje kwake ajifunze kushika sindano, hataki aibu mbele ya mafundi wenzake. Filamu isipigwe mpaka jicho la kwanza lifunguliwe, aione mwenyewe. Na siku nyingine akitaka kumtazama mtu, abishe hodi akae ndani, dirishani pana upepo. Akaanza kuinuka, msusi akimshika kiwiko.

"Na yule wa saa," aliongeza, akikung'uta gauni, "msimkate kabisa. Mpeni hata sehemu ndogo. Apite tu."

Bi Kata alisema atalifikiria.

Fundi alivuka kibaraza. Walimsikia akisukuma kitu kizito ndani, chuma kikikwaruza sakafu, kisha vifuniko vya sufuria vikigongana. Inasemekana alikuwa amepika tangu saa nne, kwa hasira, na Fundi akiwa na hasira hupika kama anangojewa na jeshi. Bi Kata alikuwa wa kwanza kuitwa, na hakujifanya hataki. Karani alijiita mwenyewe, na robo ya kichwa iliyosalia. Chiriku alinawa mikono kwenye ndoo, akatoka.

Msusi alibaki ndani anafagia nywele, na zilishafagiwa. Pengine alikuwa anangoja aitwe, asikie kwa masikio yake. Fundi alirudi mpaka katikati ya kibaraza, mwiko mkononi.

"Dada," alisema, "unangoja nikuandikie kadi? Ingia tule, chakula kinapoa."